Mediastinamu, Sehemu ya Kati ya Kifua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mediastinamu ni nini, na inapatikana wapi hasa?

Pande mbili za kifua zimechukuliwa na mapafu, kila pafu likiwa ndani ya mfuko wake wa utando mwembamba uitwao plura. Eneo linalobaki katikati, baina ya mifuko hiyo miwili, ndilo linaloitwa mediastinamu. Mbele linapakana na mfupa wa kidari, nyuma linaegemea pingili za uti wa mgongo, juu linafunguka kuelekea shingoni, na chini linakomea kwenye kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Karibu kila kiungo cha kifuani kisichokuwa pafu kimo humo: moyo, mishipa mikubwa ya damu, koo la hewa, umio (njia ya chakula), tezi, mfereji mkuu wa limfu (maji ya tishu yanayorudishwa kwenye damu), na neva zinazoteremka kutoka kichwani na shingoni.

Je, ni nafasi tupu?

Hapana. Aliyewahi kusimama karibu na mchinjaji wakati mbuzi anapasuliwa ameliona jambo hili kwa macho yake. Mchinjaji akishakipasua kidari, hulishika koo la hewa kwa mkono mmoja na kulivuta, huku kisu kikikata nyuzinyuzi laini zilizoshikilia upande wa mgongo, na mapafu pamoja na moyo hutoka kwa mkupuo mmoja, vikiwa vimening'inia kama shada. Kinachovishika pamoja ni tishu laini zilizochanganyika na mafuta, ambazo hujaza kila mwanya kati ya kiungo na kiungo. Ulaini huo una kazi yake: moyo hupata nafasi ya kupiga, umio hutanuka tonge linapopita, na koo la hewa hurefuka kidogo kila mtu anapovuta pumzi. Lakini ulaini huohuo ndio unaouruhusu usaha au hewa iliyovuja kuenea kwa haraka, kwa kuwa hakuna ukuta imara wa kuzuia. Kwa maoni yangu, anayeanza kujifunza sehemu hii asianze na orodha ya majina. Aanze kwa kuuliza nani anapakana na nani, maana dalili nyingi za magonjwa ya hapa hutokana na ujirani.

Imegawanywa katika sehemu ngapi?

Mgawanyo uliozoeleka vyuoni ni wa sehemu nne. Huchukuliwa mstari wa kubuni unaotoka kwenye pembe ya kidari (tuta dogo la mfupa wa kidari, litakaloelezwa hapa chini) hadi kwenye diski iliyo baina ya pingili ya nne na ya tano za kifua, na kila kilicho juu ya mstari huo huitwa mediastinamu ya juu. Eneo la chini yake hugawanywa kwa kuufuata mfuko wa moyo: mbele ya mfuko ni mediastinamu ya mbele, ambayo ni nyembamba na haina mengi, mfuko wenyewe na vilivyomo ni mediastinamu ya kati, na nyuma yake, hadi kwenye uti wa mgongo, ni mediastinamu ya nyuma. Wataalamu wa picha wana mgawanyo mwingine wa sehemu tatu, uliochapishwa mwaka 2014 na kujengwa juu ya kipimo cha CT, yaani eksirei ya vipande vipande inayosomwa kwa kompyuta: eneo lililo mbele ya mishipa mikubwa, eneo la viungo vya ndani, na eneo la kando ya uti wa mgongo. Msomaji akikuta vitabu viwili vinatofautiana asishtuke, kwa sababu mwilini hakuna ukuta unaoifuata mistari hiyo.

Je, mpaka kati ya sehemu ya juu na ya chini unaweza kupatikana kwa kidole?

Ndiyo, na kila mwanafunzi wa tiba anapaswa kuujaribu kwenye kifua chake mwenyewe. Weka ncha ya kidole kwenye kishimo kilicho chini kabisa ya shingo, katikati ya ncha za mitulinga miwili. Teremsha kidole polepole juu ya mfupa wa kidari, na baada ya sentimita 5 hivi utakutana na tuta dogo lililolala kwa upana. Tuta hilo ndilo pembe ya kidari, mahali ambapo kipande cha juu cha mfupa huo huungana na kipande chake kirefu. Ukikisogeza kidole kulia au kushoto kutoka hapo utagusa ubavu wa pili, na sasa unaweza kuzihesabu mbavu zinazofuata kwa uhakika. Ubavu wa kwanza umejificha nyuma ya mtulinga, kwa hiyo kuanza kuhesabu kwa huo ni kujitafutia makosa.

Nyuma ya tuta hilo, kwenye usawa huohuo, upinde wa aota, ateri kuu inayotoka moyoni, huanza na kuishia, na koo la hewa hugawanyika kuwa matawi mawili, ingawa kwa mtu aliye hai, aliyesimama na kuvuta pumzi ndefu, mgawanyiko huo hushuka chini kidogo. Ukiendelea kuteremka hadi mwisho wa kidari utafika kwenye chembe cha moyo. Pamoja na jina lake, nyuma ya hapo panakutana kiwambo, ini na tumbo la chakula, na ndiyo maana maumivu ya mahali hapo mara nyingi hutoka tumboni. Hata hivyo daktari hapuuzi moyo, kwa kuwa shambulio la moyo nalo linaweza kusikika papo hapo.

Mediastinamu ya juu ina nini?

Njia nyepesi ya kukumbuka ni kwenda kutoka mbele kuelekea mgongoni: kwanza tezi ya thaimasi, kisha vena kubwa (mishipa inayorudisha damu moyoni), kisha upinde wa aota na matawi yake matatu yanayopeleka damu kichwani na mikononi, kisha koo la hewa, kisha umio, na mwisho mfereji wa limfu uliojibanza upande wa kushoto wa umio. Mpangilio huu si wa kukariri tu. Vena zina kuta nyembamba na damu yake haina msukumo mkubwa, kwa hiyo uvimbe wowote unaokua hapa huzibana kwanza kabla ya kuziathiri ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni. Mgonjwa ambaye vena kava yake ya juu, ile vena kubwa inayorudisha damu ya kichwani na mikononi, imebanwa huamka asubuhi uso umevimba, shingo imejaa, na mishipa ya juu ya kifua imetuna chini ya ngozi, kwa sababu damu ya kichwani inatafuta njia za kando za kurudi moyoni. Dalili hizo zinahitaji hospitali haraka.

Picha ya mtoto imeonyesha kivuli kikubwa juu ya moyo. Je, ni uvimbe?

Mara nyingi sana kivuli hicho ni thaimasi ya kawaida. Tezi hii kwa mtoto mchanga ni kubwa ukilinganisha na mwili wake, na katika eksirei pengine hujitokeza upande mmoja wa moyo kwa umbo la pembetatu lenye ukingo ulionyooka, mfano wa tanga la jahazi. Madaktari wa picha huiita alama ya tanga. Huendelea kukua hadi wakati wa kubalehe, kisha husinyaa na nafasi yake huchukuliwa na mafuta. Kwa karne nyingi haikujulikana inafanya nini, hadi mwaka 1961 mtafiti Jacques Miller alipoonyesha kwamba panya walioondolewa thaimasi mara tu baada ya kuzaliwa hukosa kinga ya kutosha. Ndani yake ndimo zinamofundwa chembe nyeupe za damu zinazotofautisha mwili wenyewe na adui. Kwa mtu mzima, tezi iliyokua upya ni jambo la kuchunguzwa, hasa ikiwa mtu huyo pia ana kope zinazolegea na misuli inayochoka upesi, kwa kuwa ugonjwa wa misuli wa mayasthenia una uhusiano na uvimbe wa tezi hii.

Je, moyo uko upande wa kushoto?

Moyo uko katikati ya kifua, ndani ya mediastinamu, ila umelala kwa mshazari kiasi kwamba karibu theluthi mbili zake ziko kushoto mwa mstari wa kati. Ncha yake hugonga kwenye nafasi ya tano baina ya mbavu za kushoto, na hapo ndipo mapigo husikika vizuri, jambo ambalo limewafanya wengi waamini kwamba moyo wote uko huko. Sehemu iliyo mbele kabisa, nyuma tu ya kidari, ni ventrikali ya kulia, chumba cha moyo kinachosukuma damu kwenda mapafuni. Iliyo nyuma kabisa ni atriamu ya kushoto, chumba kinachopokea damu kutoka mapafuni, ambayo imeugusa umio. Tutarudi kwenye mgusano huo.

Mfuko wa moyo una kazi gani, na "maji kwenye moyo" maana yake nini?

Mfuko wa moyo, au perikadi, una tabaka la nje lililo gumu na tabaka la ndani lililo laini na lenye utelezi, na kati yake kuna maji kidogo, kiasi cha mililita 15 hadi 50, yanayouwezesha moyo kupiga bila msuguano. Kwa chini mfuko huu umeshikamana na kiwambo, kwa hiyo kila unapovuta pumzi moyo nao hushuka kidogo.

Tabaka la nje halitanuki kwa haraka, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtu aliyechomwa kisu kifuani, damu ikajaa ghafla ndani ya mfuko, anaweza kufa kwa kiasi kisichozidi mililita 200, kwa sababu moyo hukosa nafasi ya kujaa kabla ya kusukuma. Lakini maji yakiongezeka taratibu kwa wiki kadhaa, mfuko hujinyoosha na unaweza kubeba hata zaidi ya lita moja kabla mgonjwa hajazidiwa. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki, kifua kikuu ni miongoni mwa sababu kubwa za maji hayo ya taratibu, na kisipotibiwa mapema mfuko unaweza kukomaa na kukaza kama gamba, ukaubana moyo hata baada ya maji kukauka. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi wanakijua kifua kikuu kwa kikohozi tu, na mgonjwa wa namna hii anaweza asikohoe hata kidogo: huja na miguu iliyovimba, tumbo lililojaa na pumzi fupi.

Kwa nini mtoto akipaliwa na karanga, mara nyingi huonekana upande wa kulia?

Koo la hewa la mtu mzima lina urefu wa sentimita 10 hadi 12 na limezungushiwa pete za gegedu zisizokamilika kwa nyuma, ambako linapakana na umio. Linapogawanyika, tawi la kulia ni pana zaidi, fupi zaidi, kama sentimita 2.5, na limesimama karibu wima. La kushoto lina kama sentimita 5 na linakwenda kwa mlalo zaidi kwa kuwa linaupisha moyo na kupita chini ya upinde wa aota. Kitu kinachoanguka hufuata njia iliyonyooka. Mtoto aliyepaliwa, akakohoa sana kisha akatulia, lakini akabaki na mlio kifuani kwa siku kadhaa, apelekwe hospitali hata kama anacheza vizuri.

Umio unapita wapi, na kwa nini chakula hukwama mahali palepale?

Umio una urefu wa sentimita 25 hivi. Huteremka nyuma ya koo la hewa, kisha nyuma ya moyo, na kutoboa kiwambo kwenye usawa wa pingili ya kumi ya kifua. Njiani una sehemu nne zilizobana: mwanzoni kabisa, mahali upinde wa aota unapouvuka, mahali tawi la kushoto la koo la hewa linapouvuka, na kwenye kiwambo. Mwiba wa samaki, sarafu au mfupa hukwama katika mojawapo ya sehemu hizo. Desturi ya kumeza tonge kubwa la ugali ili kusukuma mwiba haifai, kwa kuwa ukuta wa umio ukitoboka, mate na chakula humwagika moja kwa moja katika mediastinamu, na maambukizi yanayofuata huua. Betri bapa ndogo za saa na za vifaa vya kuchezea zina hatari ya peke yake: ikikwama kwenye umio wa mtoto inaweza kuunguza ukuta ndani ya saa 2, kwa hiyo mzazi asisubiri itoke yenyewe.

Jambo jingine linalostahili kuelezwa kwa kirefu ni kwamba umio, tofauti na utumbo, hauna utando wa nje wa kuufunika. Saratani inayoanzia ndani yake hukutana mapema na majirani: koo la hewa, aota, mfuko wa moyo. Afrika Mashariki ni moja ya maeneo ya dunia ambako saratani hii inaonekana kwa wingi usio wa kawaida, Bonde la Ufa nchini Kenya likiwa mfano unaojulikana. Mgonjwa huanza kwa kushindwa kumeza nyama, kisha ugali, kisha uji, na mwishoni hata maji. Saratani ikitoboa hadi kwenye koo la hewa, kila anywapo maji hukohoa papo hapo. Anayeona vyakula vigumu vinaanza kumshinda asingoje hadi afike kwenye uji.

Sauti inawezaje kupotea ilhali ugonjwa uko kifuani?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake liko katika njia ya neva moja. Neva inayoendesha zoloto, yaani kisanduku cha sauti, upande wa kushoto haiendi moja kwa moja kutoka kichwani hadi kooni. Hutelemka pamoja na neva ya vegasi, neva ndefu inayotoka kichwani, hadi kifuani, huuzunguka upinde wa aota kwa chini, kisha hupanda tena katika mfuo ulio kati ya koo la hewa na umio mpaka kwenye zoloto. Ya kulia huzunguka ateri iliyo chini ya mtulinga na haifiki mbali hivyo. Sababu iko katika ukuaji wa mimba: wakati mtoto anaumbika tumboni, moyo huanzia karibu na shingo, kisha hushuka kifuani na mishipa yake, na neva iliyokuwa imepita chini ya mshipa mmojawapo huburutwa nao. Twiga naye ana neva hiyohiyo, na kwake hushuka shingo nzima hadi kifuani na kurudi, safari ya mita kadhaa kwa ajili ya kiungo kilicho karibu kabisa na kichwa.

Galeni, tabibu wa Rumi ya kale, alionyesha hadharani katika karne ya pili kwamba nguruwe anayepiga kelele hunyamaza neva hizi zikikatwa. Kwetu leo maana yake ni hii: mtu aliyepwewa na sauti kwa zaidi ya wiki tatu bila mafua achunguzwe koo na kifua pia. Saratani ya pafu la kushoto, tezi za limfu zilizovimba, au aota iliyotanuka inaweza kuibana neva hiyo. Hata moyo wenyewe unaweza. Mtoto aliyeugua mafindofindo yasiyotibiwa akapata homa ya baridi yabisi, vali iliyo kati ya atriamu na ventrikali ya kushoto ikaharibika na kusinyaa, atriamu ya kushoto hujaa na kutanuka kwa miaka. Kwa nyuma huusukuma umio, mgonjwa akaona chakula kinapita kwa shida. Kwa juu huiinua mishipa ya mapafu hadi ikaibana neva, sauti ikakwaruza. Mwaka 1897 daktari Norbert Ortner wa Vienna ndiye aliyeeleza wagonjwa wa namna hii. Ujirani huo wa umio na atriamu una faida pia, kwani daktari anaweza kuingiza kipimo cha eko (picha ya mawimbi ya sauti) ndani ya umio na kuziona vali za moyo kwa karibu kuliko anavyoziona kutoka nje.

Mfereji wa limfu ni nini?

Ni bomba jembamba, lenye ukuta dhaifu, linalobeba limfu na mafuta yaliyofyonzwa kutoka utumbo. Huingia kifuani pamoja na aota, hupanda nyuma ya umio, huvuka kwenda kushoto, na humwaga maji yake katika vena zilizo chini ya shingo. Likikatwa katika ajali au upasuaji, maji meupe kama maziwa hujaa kifuani.

Ni kweli kwamba jino bovu linaweza kuleta ugonjwa wa kifua?

Ni kweli, ingawa hutokea mara chache. Nyuma ya koo kuna nafasi kati ya tando za shingo inayoteremka bila kizuizi hadi kwenye kiwambo. Usaha wa jino la chini au wa koo ukiingia humo hushuka kwa uzito wake na kwa mvuto wa pumzi. Jipu la jino linaloambatana na shingo kuvimba, taya kukaza, kushindwa kumeza mate na maumivu ya kifua ni dharura.

Katika ajali, nini kinaweza kutokea kwenye sehemu hii?

Mambo mawili yafahamike. La kwanza, mediastinamu haikufungwa kwa misumari: hewa ikivuja na kujaa kwa shinikizo upande mmoja wa kifua, husukuma moyo na koo la hewa kwenda upande wa pili na kukunja vena zinazorudisha damu. Mhudumu anayegusa kishimo cha chini ya shingo anaweza kuhisi koo la hewa limehama, ingawa dalili hii huchelewa na haipaswi kusubiriwa. La pili ni aota. Gari likigonga na kusimama ghafla, upinde wa aota huendelea kwenda mbele, wakati sehemu inayoteremka imefungwa kwenye uti wa mgongo; mpasuko hutokea mara nyingi karibu na kano ndogo iliyo masalia ya mshipa wa mtoto kabla ya kuzaliwa. Wengi hufia palepale, na wachache wanaofika hospitali hutambuliwa kwa kivuli cha mediastinamu kilichopanuka katika eksirei, kisha kwa kipimo cha CT.

Nimeambiwa nina uvimbe kwenye mediastinamu. Ni saratani?

Si lazima. Mahali uvimbe ulipo hueleza mengi kabla hata ya kuchukua kinyama cha kupima. Ulio mbele mara nyingi hutokana na thaimasi, limfoma (saratani ya mfumo wa limfu), uvimbe wa chembe za uzazi, au rovu la shingoni lililoteremka nyuma ya kidari, jambo linalofahamika katika maeneo ya milimani yenye upungufu wa madini joto. Ulio kati mara nyingi ni tezi za limfu, na kwa watoto wa kwetu kifua kikuu hufikiriwa mapema. Ulio nyuma, kando ya uti, mara nyingi hutokana na neva, na mwingi wake kwa watu wazima si saratani. Unapopewa majibu ya picha, muulize daktari maneno matatu haya: uko mbele, kati au nyuma, unagusa nini, na je, picha ya zamani ipo ya kulinganisha.